Neno Moja la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Anayetaka kujua njia ya kwenda Umahiri na awaulize wengine, mimi nilipelekwa. Kitabu changu cha Jiografia cha Darasa la Sita kilikuwa kimetoka chapani kikiwa na ziwa katika mkoa usio wake, na mhariri wangu, mama mwenye subira nyingi, aliona kuwa badala ya kunilaumu ni heri nikaitazame nchi ambayo, kwa maneno yake, imewaendeleza waandishi wake wa vitabu vya kiada kuliko nchi nyingine yoyote. Nilikaa huko wiki tatu. Ninayoyaandika hapa niliyaona mwenyewe, isipokuwa pale nitakaposema niliambiwa.

Mpakani sikuulizwa pasi. Afisa mmoja aliyefunga tai aliniomba vyeti, nikampa cheti changu cha ualimu. Alikigeuza nyuma na mbele akitafuta tarehe ya kwisha kwake, asiione.

"Hiki hakiishi?" akauliza.

"Hakiishi."

"Sasa utajuaje kama bado unajua?"

Akaniandikia kibali cha mgeni, kilichosema kwamba mwenye nacho hajathibitishwa kuwa anajua wala kuwa hajui, na watu wamsikilize kwa heshima.

Katika nchi ile watu hawaulizani habari za nyumbani. Mtu akikutana na mwenzake sokoni humuuliza, "Uko ngazi ya ngapi?" na mwenzake hutaja ngazi yake ya mafunzo, kisha wote wawili huonekana wametulia. Nilimwona bwana mmoja msibani akipewa pole kwa kufiwa na mjomba, na papo hapo akipewa hongera kwa kupanda Ngazi ya Tatu, naye akazipokea zote mbili kwa sauti ileile.

Mji wao mkuu unaitwa Kongamano. Jengo lake kubwa kuliko yote ni Chuo cha Kuendeleza Waandishi, na huko ndiko nilikokuwa nimeandikiwa kwenda. Mkurugenzi wake, Dokta Lumbila Sekanyo, alikuwa mtu mpole mwenye sauti ya chini, na nataka ijulikane tangu sasa kwamba sikuwahi kumwona akimdhulumu mtu kwa makusudi. Alinitembeza mwenyewe. Tuliingia maktaba yenye rafu kutoka sakafuni hadi darini, zote zikiwa zimejaa majalada ya bluu. Nilivuta moja. Ilikuwa taarifa ya warsha. Nikavuta jingine. Ilikuwa taarifa ya warsha ya kuandika taarifa za warsha.

"Na vitabu viko chumba gani?" nikauliza.

"Vitabu ni matokeo," Dokta Sekanyo akanijibu. "Sisi hapa tunashughulika na mchakato."

Akanieleza sheria yao. Mtu hawezi kuandika hata mstari mmoja wa kitabu cha shule mpaka awe na vyeti vya ngazi zote saba, vyote vikiwa hai kwa siku moja. Kila ngazi huchukua miezi sita. Kila cheti huishi miaka mitatu tangu siku ya kuanza ngazi yake. Nilipiga hesabu kichwani, nikairudia.

"Dokta," nikasema, "ngazi saba ni miaka mitatu na nusu. Mtu akimaliza ya saba, cheti cha kwanza si kimeshakufa?"

"Miezi sita kabla," akakubali. "Jambo hilo tunalijua. Muda ulipangwa na kamati ya wataalamu wa Ngazi ya Pili, na somo la hesabu liko Ngazi ya Nne."

"Kwa hiyo waliokamilika ni wangapi?"

Alifikiri kwa uaminifu kabisa. "Mpaka leo, hakuna. Lakini wenye ngazi sita ni wengi kuliko wakati wowote katika historia yetu."

Nilimuuliza kwa nini walijitungia sheria ngumu namna ile. Akaniambia kwamba zamani, kabla ya Chuo, kila aliyejua kusoma aliandika kitabu cha shule, na madhara yake yalionekana. "Kuna sentensi moja," akasema. "Utaisikia darasani. Nchi nzima inaijua. Kwa sababu yake ndiyo Chuo hiki kilijengwa."

Niliisikia kesho yake, katika darasa la Ngazi ya Sita. Washiriki walikuwa kama kumi na wawili, wengi wao wazee, kila mmoja na mkoba uleule wa kitambaa na kitambulisho kifuani. Mwezeshaji alifungua bango kitita na kubandika karatasi yenye sentensi iliyoandikwa kwa herufi kubwa:

*Muhogo mchungu humenywa, hulowekwa kwa saa tatu, huanikwa, kisha hutwangwa kuwa unga.*

"Kitabu cha Sayansi, Darasa la Nne, ukurasa wa arobaini na moja," akasema mwezeshaji. "Kosa liko wapi?"

Washiriki wote wakajibu pamoja, kama watu waliokwisha kujibu mara nyingi, "Si saa tatu, ni siku tatu."

"Vizuri. Sasa tugawanyike katika vikundi. Kila kikundi kijadili: sentensi hii inatufanya tujisikieje?"

Mimi nimekulia kwenye muhogo. Najua kwamba ule mchungu usipokaa majini ukavunda, una sumu. Na mwaka wa ukame, watu wanapokuwa hawana kingine cha kula wiki nenda wiki rudi, sumu ile hushika miguu, na miguu ikishashikwa hairudi. Nikainamia jirani yangu wa kikundi, bibi mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi, nikamuuliza kitabu kile kilitumika miaka gani.

"Kinatumika," akasema.

"Hata leo?"

"Hata leo. Aliyekamilika ndiye anayeruhusiwa kukigusa."

Zamu yake ya kusema ilipofika, mwezeshaji akamtaka aeleze sentensi ile inamfanya ajisikieje. Bibi akavua miwani.

"Mimi ndiye niliyeiandika," akasema.

"Asante kwa kutushirikisha uzoefu wako," akasema mwezeshaji, na kuandika kwenye bango: *Uzoefu*.

Bibi yule aliitwa Siwema Lugongo. Wakati wa chai ya saa nne nilikaa naye kwenye baraza, naye akanisimulia bila haraka. Miaka thelathini na mmoja nyuma alikuwa mwalimu wa sayansi, akaandika kitabu. Kwa mkono wake aliandika *siku tatu*. Mpiga chapa akasoma *saa*. Nakala ya mwisho ililetwa kwake aihakiki, naye wakati huo alikuwa ameitwa kwenye warsha.

"Warsha ya nini?" nikamuuliza.

"Ya namna ya kuhakiki nakala ya mwisho."

Nilimtazama usoni nione kama anatania. Hakuwa anatania.

"Nilitia saini bila kusoma," akasema. "Mpiga chapa sina ugomvi naye. Saini ni yangu. Mwaka wa tatu baada ya hapo ukaja ukame mkubwa. Mabibi walikuwa wanajua ni siku tatu, walijua tangu enzi. Lakini watoto wakarudi nyumbani na kitabu, na njaa ilikuwa haitaki kungoja, na kitabu kilisema hakuna haja ya kungoja. Walioshikwa miguu walihesabiwa mpaka elfu moja na mia mbili, kisha wahesabuji wakaitwa mafunzoni."

Tume iliundwa. Ilikaa mwaka mzima na kugundua kwamba chanzo cha maafa yale ni waandishi kutoendelezwa. Chuo kikajengwa. Sheria ikapitishwa kwamba kitabu chenye kosa kisichapwe tena, na pia kisisahihishwe na yeyote asiyekamilika. Madaktari wa zahanati walipowaambia watu waloweke siku tatu, walikumbushwa kwa barua kwamba wao si waandishi.

"Nimepanda ngazi hizi mara nane," akasema Bi Siwema. "Nafika ya sita, ya kwanza inakufa. Naanza tena. Ukame umerudi mara tatu. Safari hii cheti changu cha kwanza kinakufa Ijumaa, lakini nimeomba Baraza linisikilize kabla. Wewe ni mgeni, watakuuliza neno. Utaniunga mkono?"

Nilimwambia kwamba nitamuunga mkono. Nilimwambia kwa moyo kabisa.

Baraza la Umahiri lilikutana Jumatano, wajumbe tisa kwenye meza yenye umbo la mwezi mchanga, Dokta Sekanyo akiwa katikati. Bi Siwema alisimama na kusema ombi lake kwa dakika moja: aruhusiwe kubadilisha neno moja, *saa* liwe *siku*, kwa kuwa mvua za mwaka huo zilikuwa zimechelewa na watu wameanza kuchimba muhogo mchungu.

Hakuna aliyempinga. Ni jambo nililoliona gumu kueleza niliporudi kwetu: wajumbe wote tisa walikubali kuwa neno lile ni kosa na kuwa linadhuru. Mjadala ulikuwa juu ya jambo jingine.

"Swali ni kama hili ni kuandika au ni kusahihisha," akasema mjumbe wa kwanza. "*Saa* ina herufi tatu. *Siku* ina nne. Anaongeza herufi moja. Kuongeza ni kuandika, na kuandika kunataka ngazi saba."

"Basi niruhusuni nifute tu," akasema Bi Siwema. "Nifute *saa tatu*, pabaki wazi. Mtu akipaona wazi atamuuliza bibi yake."

Wajumbe wakapekua makabrasha. "Kufuta kuko Ngazi ya Saba," akasema mmoja, kwa masikitiko ya kweli.

Mjumbe mwingine, mwanamama aliyekuwa kimya, akasema yeye binafsi angeruhusu leo hii, lakini anaogopa mlango ukifunguliwa. Leo neno, kesho sentensi, kesho kutwa watu watarudi kuandika vitabu kiholela kama zamani, na ni nani atakayejibu mbele ya wale elfu moja na mia mbili? Baadaye niliambiwa kwamba dada yake ni mmoja wao.

Ndipo Dokta Sekanyo akanigeukia. "Tuna bahati ya kuwa na mgeni, mwandishi mwenzetu. Mwalimu, wewe unaonaje?"

Nilisimama. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nilikusudia kusema: *mama huyu ana haki, mpeni kalamu*. Lakini niliwaona wote tisa wakiwa wameinua kalamu zao wakisubiri kuandika nitakachosema, nikakumbuka ziwa langu, nikajiona mimi ni nani hata nizungumze juu ya makosa ya watu. Nikasema kwamba suala hili ni zito, lina pande nyingi, na mimi kama mgeni ningependa kujifunza zaidi kabla ya kutoa maoni.

Wakapiga makofi. Mjumbe wa kwanza alisema huo ndio mchango uliokomaa kuliko yote siku ile, na ukaingizwa kwenye kumbukumbu neno kwa neno. Kisha Baraza likaamua kwamba iandaliwe warsha ya siku tatu kuhusu tofauti kati ya kuandika na kusahihisha, mapema iwezekanavyo, baada ya msimu wa mavuno.

Nilimkuta Bi Siwema nje akikunja karatasi yake mara nne na kuitia mkobani. Nilianza kumwomba radhi.

"Acha," akasema. "Umeongea kama mtu wa Ngazi ya Nne, na wamekusikia kwa masikio ya Ngazi ya Nne. Mimi mwenyewe nimeshapiga makofi kwa maneno kama hayo. Kesho naenda Kilulu kwa mwanafunzi wangu wa zamani wa sekondari. Ukitaka, twende."

Kilulu ni kijiji cha nyika, na shule yake ina madarasa manne na uwanja wa vumbi jekundu. Mwalimu wa Darasa la Nne aliitwa Nuhu Chambila, mtu wa miaka arobaini hivi, mkimya, mwenye chaki kwenye kila mfuko. Alimwamkia Bi Siwema akiwa ameinama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Nuhu. Mama hajambo?"

"Yupo hapo nje. Amesikia unakuja, hakutaka kungoja nyumbani."

Chini ya ukingo wa paa la darasa alikuwa amekaa mama mzee, magongo mawili yameegemezwa ukutani kando yake. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele, imekakamaa, vidole vimeelekea ndani. Bi Siwema alikaa chini vumbini karibu naye. Nilidhani atasema neno la kuomba msamaha, lakini walizungumza tu habari za mvua, na mama yule akamtoa jani lililokuwa limenasa kwenye kilemba chake.

Nuhu ndiye aliyeniambia. Mwaka ule wa ukame mkubwa alikuwa na miaka kumi na mbili. Kwenye mtihani aliandika *saa tatu*, akapata mia kwa mia, akawa wa kwanza wilaya nzima. Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake ameloweka muhogo kwenye mtungi, ana siku ya pili akisubiri, na wadogo zake wanalia njaa.

"Nilimwambia, Mama, kitabu kinasema saa tatu zinatosha. Akaniambia yeye alifundishwa siku tatu na mama yake. Nikamwonyesha ukurasa. Hajui kusoma. Aliutazama muda mrefu, akasema, haya, mwanangu, wewe ndiye uliyesoma. Tukautoa siku ileile. Ikawa hivyo wiki saba. Sisi alitupa kidogokidogo pamoja na mboga aliyoipata. Yeye alikula muhogo mtupu. Asubuhi moja alikwenda kuteka maji, hakuinuka kisimani."

Alisema hayo akifuta ubao, ubao ambao tayari ulikuwa safi.

Kwa kuwa kitabu hakichapwi tena, shule nyingi za Umahiri zimebakiwa na nakala moja moja. Mwalimu husoma kwa sauti, wanafunzi huandika kwa imla kwenye madaftari yao, na madaftari hayo ndiyo vitabu vyao. Siku ile ilikuwa zamu ya ukurasa wa arobaini na moja. Bi Siwema alikuwa amelijua hilo kutoka kwenye barua ya Nuhu, na ndiyo sababu ya kuja kwake. Sheria inamkataza asiyekamilika kuandika. Alikuwa ameisoma sheria ile mara nane, ibara kwa ibara, katika kila Ngazi ya Kwanza, na haikutaja mahali popote kusoma kwa sauti.

"Lakini wewe ndiye mwenye darasa," akamwambia Nuhu. "Swali la ukurasa huu hutoka kila mwaka. Watakaoandika *siku* watakosa, na shule itashuka, na utaulizwa wewe. Useme mwenyewe. Ukikataa, nitakunywa chai na mama, nirudi."

Nuhu alikwenda mlangoni akasimama, mgongo wake kwetu. Nadhani alikuwa anawatazama wanafunzi waliokuwa wanacheza, maana alihesabu kwa sauti ndogo mpaka arobaini na tatu. Kisha akagonga kengele.

Walipokaa, aliwaambia ukweli wote, kwa lugha ya kawaida, bila kupamba. Aliwaambia kitabu kinasema nini, na nini ni kweli, na mtihani unataka nini. Akawaambia, "Huyu ndiye aliyekiandika kitabu. Leo atawasomea mwenyewe." Akaketi kwenye dawati la nyuma, magoti yakigusa ubao wa dawati.

Bi Siwema alishika kitabu kikuukuu lakini hakukitazama. Alisoma polepole, sentensi moja moja, kama wafanyavyo walimu wa zamani, akirudia kila kipande mara mbili. "Muhogo mchungu humenywa. Humenywa, koma. Hulowekwa kwa siku tatu..."

Mkono ukanyooka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, Taabu binti Mwinchande, akasimama.

"Mwalimu, si tunaweza kuandika *saa* kwenye mtihani, na nyumbani tukafanya *siku*? Tukapata vyote?"

Lilikuwa swali zuri. Mimi mwenyewe nilijikuta nikitikisa kichwa kukubali. Ningekuwa Kongamano ningesema ni pendekezo la Ngazi ya Saba.

Bi Siwema akamtazama Nuhu. Nuhu akajibu kutoka nyuma, bila kusimama.

"Unaweza, Taabu. Sitamchapa mtu wala kumlaumu. Ila mimi ninawaambia yaliyonipata. Nililoliandika kwenye mtihani wakanipigia makofi. Ukipigiwa makofi kwa neno, unalipenda. Unarudi nalo nyumbani hata kama hukukusudia."

Taabu akakaa. Akainamisha kichwa akaandika, akafunika daftari kwa mkono mtu asione.

"Siku tatu," akarudia Bi Siwema. Alisubiri mpaka kalamu ya mwisho ikainuka, akaendelea. "Huanikwa. Kisha hutwangwa kuwa unga. Nukta."

Nilikuwa nimesimama karibu na ubao. Nuhu alipoinuka akaja kunipa chaki, sikuelewa kwanza anataka nini. Akasema wale wa nyuma hawasikii vizuri, na yeye ana cheti cha ualimu kinachoweza kunyang'anywa, na Bi Siwema naye ana vyake, lakini mgeni kibali chake hakisemi kama anajua wala kama hajui. Niliiandika sentensi yote ubaoni, kwa herufi kubwa. Ni sentensi fupi. Sijawahi kuandika nyingine taratibu namna ile.

Yaliyofuata niliyapata kwa barua, kwa sababu kibali changu kilikwisha wiki ile.

Mtihani ulifanyika mwezi uliofuata. Kati ya wanafunzi arobaini na watatu wa Kilulu, thelathini na mmoja waliandika *siku tatu*, na wote wakapewa sufuri katika swali hilo. Taabu binti Mwinchande alikuwa miongoni mwao, na kwa alama hizo alikosa nafasi ya shule ya bweni aliyokuwa akiitamani. Baba yake alikwenda kwa Nuhu kwa ghadhabu, wakazungumza mpaka jua likazama, hawakupatana. Shule ikawa ya mwisho wilayani. Ofisi ya elimu ikaiweka kwenye orodha ya shule zinazohitaji mafunzo ya haraka, na Nuhu akaitwa kuanza Ngazi ya Kwanza.

Bi Siwema alifikishwa mbele ya Baraza. Baraza lilithibitisha kwamba hakuandika. Lilithibitisha pia kwamba alisoma lisiloandikwa, kosa ambalo halikuwa na jina, wakalitungia jina siku hiyohiyo, wakamvua vyeti vyote sita na kumfuta katika daftari la waandishi. Dokta Sekanyo alimsindikiza mwenyewe mpaka langoni na kumwambia kwamba amesikitika sana, na kwamba kwa kuwa sasa yeye si mwandishi, Chuo hakina tena mamlaka ya kumkataza chochote. Aliyasema hayo, Bi Siwema ameniandikia, kama mtu anayetoa habari mbaya. Yeye alimshukuru na kuuliza njia ya kwenda shule iliyo karibu.

Tangu hapo anatembea shule hadi shule na kuwasomea watoto ukurasa mmoja. Walimu wengine humfungulia mlango, wengine humfungia. Kitabu bado hakijabadilishwa.

Barua ya mwisho niliyoipata ni ya Nuhu. Mvua zilikosa kabisa mwaka ule. Alikuwa ameenda Kongamano mafunzoni, akaomba ruhusa ya wiki moja kurudi nyumbani, akakuta kijiji kizima kinaloweka muhogo kwenye dimbwi moja chini ya kilima, na mama yake amekaa ukingoni tangu asubuhi. Kila kikapu alikuwa amekifunga kamba yenye mafundo, fundo moja kwa kila usiku uliopita. Njaa ilikuwa kali. Watu walikuja baada ya siku mbili wakitaka kutoa vya kwao, hata wenye elimu, hata mtendaji wa kijiji, aliyekuja na kitabu mkononi na watoto wake wawili nyuma yake wakilia.

Mama wa Nuhu hakubishana naye, maana hajui kusoma. Alihesabu mafundo ya kikapu kile mara mbili, yakawa mawili. Kisha alivuta kanga yake juu kidogo, akaacha miguu ionekane, akangoja.

Mtendaji alisimama pale muda mrefu. Nuhu anasema mwishowe alikaa chini ukingoni mwa dimbwi pamoja na watoto wake, na wakangoja naye.